Darasa la Mahututi

Mama Pacha alisubiri vijana wapungue mbele ya ubao wa matangazo ndipo akasogea. Hakutaka kusukumana na watoto walio wa rika moja na mabinti zake, tena akiwa na gauni la kazini, lile la kijani la wahudumu wa wodi, ambalo hakupata nafasi ya kulibadilisha. Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya waliofaulu mtihani wa upimaji, wale wanaoingia moja kwa moja mwaka wa kwanza wa uuguzi. Aliisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akaisoma kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina huweza kujificha mtu akilijia kwa mbele. Halikuwamo. Akahamia ya pili.

Ya pili ilikuwa ya wanaotakiwa kusoma kwanza darasa la maandalizi ya hesabu, muhula mzima, kila siku alasiri. Darasa hilo lilikuwa na jina lake rasmi, refu, lenye maneno ambayo hakuna aliyehangaika nayo. Wanafunzi waliliita Mahututi. Walisema anayeingizwa humo, hata ndugu zake hawana hakika kama atatoka.

Jina lake lilikuwamo, karibu na mwisho. Na chini kabisa palikuwa na sahihi ya mwalimu wa darasa, sahihi ambayo Mama Pacha angeitambua hata gizani, maana mwenye nayo alijifunza kuiandika kwenye meza ya jikoni kwake.

Mwalimu huyo alikuwa wifi yake. Ndiye mdogo wa mwisho wa mumewe, na nyumbani walimwita Kitinda. Aliletwa kwao akiwa mtoto wa shule ya msingi, mama yake alipofariki, na Mama Pacha ndiye aliyemsuka, akamuuguza surua, akamkemea, akamwamsha asubuhi za mitihani. Sasa alikuwa mwalimu wa hesabu chuoni, amepanga chumba chake mwenyewe, na kila Jumapili alikuja kula kwa kaka yake bila kuitwa.

Mama Pacha alishuka ngazi polepole. Mlinzi wa getini, aliyemfahamu kwa kuwa mkewe aliwahi kulazwa wodini kwake, akamuuliza, "Vipi dada, tumeshakuwa masista?"

"Bado kidogo," akajibu, akapita.

*

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima walimwita Baridi, jina lililofanana na kazi yake na kupishana kabisa na tabia yake. Alikuwa mtu mwema, lakini damu yake ilichemka upesi na mdomo wake ulitangulia kila mara. Wiki chache nyuma, hospitali ilipokubali kumlipia mkewe masomo ya uuguzi, aliwatangazia wateja wote karakanani kwamba atakayeugua sasa ajue pa kwenda. Muuza duka wa jirani alishaanza kumwita Mama Pacha "sista" kila akienda kununua sabuni.

"Hesabu?" Baridi aliuliza, bisibisi mkononi. "Wewe unaendesha nyumba hii miaka yote, leo wanakwambia hujui hesabu?"

"Si hesabu za sokoni, Baba Pacha. Sehemu, nukta, uwiano. Mambo ya dawa."

"Na hospitali inasemaje?"

"Hospitali inalipia kuanzia mwaka wa kwanza. Hili darasa ni juu yangu. Na nisipofaulu mwisho wa muhula, nafasi anapewa mwingine."

Baridi akatua bisibisi. Uso wake ukafunguka, kama mtu aliyekumbuka ufunguo alikouweka. "Lakini si Kitinda ndiye anayefundisha hapo? Si yeye anayesahihisha?"

"Ndiye."

"Basi unalia nini?"

"Mimi silii," Mama Pacha akasema, na kweli hakuwa analia. Alikuwa anapanga vyombo kabatini, sahani juu ya sahani, kwa uangalifu uliozidi mahitaji ya sahani zenyewe.

*

Jumapili Kitinda alikuja kama kawaida, akavua viatu mlangoni, akaingia jikoni kumsaidia wifi yake kupakua. Hakuna aliyegusa jambo lile. Waliongea habari za pacha, waliokuwa shule ya bweni, ambao walikuwa wameandika kuomba kila mmoja ndoo yake, maana ya kuchangia ilileta ugomvi. Walipokaa mezani, Baridi hakungoja hata tonge la pili.

"Kitinda, hebu nieleze. Ule mtihani wa wifi yako aliusahihisha nani?"

"Mimi, kaka."

"Ukaona jina lake?"

"Tunasahihisha kwa namba. Lakini mwandiko wake naujua."

"Ukaujua, na bado ukamwangusha."

Kitinda akaweka kijiko chini. Alikuwa mwembamba, msema taratibu, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni akimjibu, jambo ambalo lilimkera kaka yake tangu zamani. "Niliupitia mara ya pili nikitafuta pa kumwongezea. Sikupata. Kaka, alama za kupita zilikuwa mbali."

Mama Pacha alikuwa anatazama chumvi. Maneno yale, pengine kwa sababu yalisemwa kwa upole, yalimwingia kuliko karatasi ya ubaoni. Kumbe wifi yake alikaa mahali, akatafuta, akakosa.

"Basi mpitishe tu," Baridi akasema. "Atajifunza hukohuko mbele. Nani alianza kazi akiijua? Mimi friji yangu ya kwanza niliiunguza."

"Friji haina mama, kaka."

"Usinifundishe mimi. Huyu alikubeba mgongoni ukiwa na homa. Leo amekuomba kitu kimoja."

"Mimi sijaomba," Mama Pacha akasema.

"Nimemwombea mimi," Baridi akajibu bila kumtazama. Kisha akamgeukia mdogo wake, sauti ikiwa imeshuka, na iliposhuka ndipo ilipouma. "Kama huwezi kumsaidia mke wangu, sijui huwa unakuja kula nini hapa."

Kitinda alisukuma kiti nyuma. Akasimama, akachukua sahani yake ambayo hakuimaliza, akaipeleka jikoni, akaiosha, akaifuta, akaiweka mahali pake. Akavaa viatu. "Haya, kaka. Wifi, tutaonana darasani."

Jumapili iliyofuata hakuja.

*

Darasa la Mahututi lilikuwa chumba cha mwisho, jirani na stoo ya vitanda vibovu. Madawati yalikuwa ya watu wembamba. Mama Pacha alikaa nyuma, karibu na dirisha, magoti yakigusa ubao wa chini, akiwa ametoka zamu ya asubuhi na miguu imevimba. Wenzake walikuwa vijana waliomaliza shule juzi. Walimwamkia kwa adabu zote, "shikamoo mama," kisha wakampisha kiti kana kwamba ni mgeni aliyekuja kumtembelea mtu.

Kitinda aliingia na chaki, akasalimu, akaanza. Darasani alikuwa mtu mwingine. Hakuzungukazunguka, na hakumpita yeyote. Mama Pacha aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, na akirudi nyumbani akikisoma kilikuwa kama barua ya mtu mwingine. Hakuelewa kwa nini kugawanya kwa nusu kunaongeza badala ya kupunguza. Alitamani kuuliza. Lakini kumuuliza nani? Yule mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuhesabu vidole? Akanyamaza, na kila somo lililopita juu ya lile ambalo hakulielewa likazidi kumzamisha.

Wiki ya tatu, alasiri yenye joto, Kitinda aliandika ubaoni: mgonjwa ni mtoto, daktari ameagiza miligramu ishirini na tano, chupa ina miligramu hamsini ndani ya mililita moja. Vuta kiasi gani?

"Wewe mama, pale dirishani. Njoo."

Mama Pacha alienda. Alizitazama namba mbili, hamsini na ishirini na tano, na kichwa chake kikampa jibu jepesi: kubwa gawanya kwa ndogo. Akaandika mbili. Akaiwekea mstari chini.

Kitinda aliitazama ile mbili kwa muda mrefu kidogo. "Ilitakiwa nusu mililita," akasema. "Wewe umempa mbili. Dawa mara nne. Mtoto huyo umeshamuua, mama."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka, pengine angeshukuru. Walitazama madaftari yao kwa heshima, darasa zima, kama watu walio msibani. Mama Pacha aliweka chaki, akafuta mikono kwenye sketi, akarudi kuchukua mkoba wake, akatoka. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu. Kesho yake hakwenda, wala siku iliyofuata.

Mumewe hakumuuliza sababu, na hilo lingemshangaza kama angekuwa na nafasi ya kushangaa. Ijumaa jioni Baridi alirudi kutoka karakanani anapiga mluzi.

"Mambo yameiva," akasema kabla hajakaa. "Nimeongea na mkuu wa chuo. Jokofu lake mimi ndiye ninayelitengeneza, tunafahamiana. Nimemweleza hali ilivyo. Kasema Jumatatu mchana pita ofisini kwake, anakuhamishia mwaka wa kwanza. Basi. Mahututi kwaheri."

"Na Kitinda?"

"Kitinda anahusikaje? Mkuu ni mkuu."

Mama Pacha alikaa kitandani. Hakuwa malaika. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa raha, ile ya mtu anayetua mzigo. Cha pili, kusema kweli, kilikuwa hamu ya kumwona wifi yake akiambiwa kwamba chaki yake si kitu. Usiku ule alilala vizuri.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa wodini kama kawaida. Wauguzi walikuwa pungufu. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi, mwingine amehamishwa. Mama Pacha alikuwa anabadilisha shuka za kitanda cha dirishani, alikolazwa mwanamke mmoja mnene mcheshi aliyelalamikia kila kitu isipokuwa ugonjwa wake, sista wa zamu alipokuja na trei ya sindano. Alikuwa binti mwenye haraka, mwenye roho nzuri.

"Mama Pacha, niangalizie na wewe," akasema, kama alivyosema mara nyingi huko nyuma. Dawa ile ilitakiwa kuangaliwa na watu wawili, na mtu wa pili hakuwapo. "Ameandikiwa mia na ishirini. Chupa ni themanini kwa mililita mbili. Nimevuta tatu. Sawa?"

Na Mama Pacha alifungua mdomo kusema sawa. Neno lilikuwa limeshafika mbele ya meno. Alikuwa amelisema kwa miaka, kwa sista huyu na kwa waliomtangulia, na siku zote lilikuwa neno la wema tu, la kumtoa mwenzake njiani aendelee na kazi, kama mtu anavyosema pole au karibu. Alikuwa anaangalia bomba la sindano, anaona dawa ndani, anasema sawa. Leo alizitazama namba. Mia na ishirini, themanini, mbili. Akajaribu kuzipanga kama zilivyopangwa ubaoni, na zikamtawanyika. Inaweza kuwa tatu. Inaweza kuwa moja na kitu. Yule mwanamke mnene alikuwa ameshakunja mkono wa gauni, anangoja, anatazama nje dirishani.

"Sijui, sista," Mama Pacha akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui kama ni sawa. Sijui kupiga hiyo hesabu. Muite mwingine."

Sista alimtazama kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Uso ukamwiva kidogo. Akaweka trei chini, akaenda wodi ya pili, akarudi na muuguzi wa kiume, mzee kidogo, ambaye alipiga hesabu pembeni ya gazeti, akasema ni tatu, ni sawa, akaondoka zake. Mgonjwa akachomwa, akasema sindano ya leo ina nafuu kuliko ya jana.

Kwa hiyo haikuwa chochote. Dawa ilikuwa sahihi, na wala hakuna aliyelizungumza tena. Lakini Mama Pacha alipokwenda kufua shuka, alizisuuza mara mbili bila kujua. Aliziwaza sindano zote alizozisemea sawa. Pengine zote zilikuwa sahihi. Yeye ndiye asingeweza kujua, na wagonjwa waliokunja mikono ya gauni hawakujua kwamba hajui.

*

Mkuu wa chuo alimkaribisha kiti, akaulizia hali ya fundi. Alikuwa mtu wa tabasamu, na meza yake ilikuwa safi sana.

"Mumeo ni mtu wetu," akasema. "Hili ni jambo dogo. Wewe ni mtu mzima, una uzoefu wa wodi, haya mambo ya majaribio tunawawekea vijana. Kesho ingia mwaka wa kwanza. Mwalimu nitaongea naye."

"Ameshajua, mkuu?"

"Nilimwita Ijumaa. Alikuwa mkaidi kidogo. Nimemwambia afikirie mkataba wake, unakwisha mwaka huu." Akalisema kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Mama Pacha akaitazama mikono yake, iliyokuwa bado imekunjamana kwa sabuni. Alijua la kusema, tatizo lilikuwa kulisema bila kumvunjia heshima mtu aliyedhani anatenda hisani.

"Nashukuru sana, mkuu, kwa kunifikiria. Ila naomba nimalize kwanza lile darasa."

"Unakataa?"

"Sikatai. Naomba niingie kwa mlango, hata kama nitachelewa. Hesabu zile sizijui, mkuu. Mwalimu hakunionea. Tena naomba aachwe, asije akaponzwa na mimi. Ni wifi yangu, na kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kunipendelea, ni yeye."

Mkuu akasogeza kalamu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. "Sikuambiwa kuwa ni wifi yako," akasema hatimaye. "Basi mtihani wa mwisho nitampa mwalimu mwingine ausahihishe." Na tabasamu lake, ingawa halikuondoka, lilipungua upana.

*

Alimkuta Kitinda peke yake darasani, anafuta ubao. Aliposikia hatua hakugeuka mara moja.

"Nilifikiri uko mwaka wa kwanza," akasema.

"Sijaenda."

"Mkuu alisema—"

"Najua alichosema. Nimetoka kwake. Yamekwisha, hatakugusa." Mama Pacha akajibana kwenye dawati la mbele. "Kitinda, mimi sikumtuma kaka yako. Nimejua Ijumaa jioni. Lakini nisikudanganye, nilipojua nilifurahi."

Kitinda alikaa kwenye dawati la pili. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze alifanana na yule mtoto wa meza ya jikoni. "Na mimi nisikudanganye. Siku ile ubaoni nilikuwa na hasira. Ningeweza kukwambia vingine. Nilikuwa nimeshinda wiki mbili bila kuja nyumbani, kaka hapokei simu yangu, halafu naona unaandika mbili na kuipigia mstari, kama mtu asiye na wasiwasi. Nikasema, kumbe kwa ajili ya hii mbili ndiyo nimefukuzwa kwetu."

"Ulichosema kilikuwa kweli."

"Ndiyo. Lakini hakikuwa cha kusemewa watoto wale."

"Hakikuwa," Mama Pacha akakubali. Nje mtu alikuwa anakokota kitanda kibovu kuelekea stoo, magurudumu yakilia. "Haya. Nieleze sasa. Kwa nini nikigawanya kwa nusu inaongezeka? Nimelala na hilo swali wiki tatu, limeninyang'anya hadi shuka."

Kitinda akacheka, kicheko kilichotoka bila kuombwa ruhusa. Akamega chaki, akampa wifi yake kipande kikubwa.

*

Mama Pacha alizungumza na mumewe jioni hiyohiyo, akiwa anamwagilia maua kwenye makopo nje ya mlango, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba Pacha, nimerudi Mahututi."

Baridi alikuwa na mengi ya kusema na aliyasema: aibu, karakana, mkuu atamwonaje, hisani hairudishwi mlangoni kama mkate uliolala. Mama Pacha alimwacha amalize. Kopo la mwisho lilipojaa maji akasema, "Leo nimeulizwa kuhusu dawa ya mtu, nikawa sijui. Ukinipitisha kwa jokofu la mkuu, nitakuwa sijui na nimevaa nguo nyeupe. Wewe ukiugua, utataka nikuchome?"

Baridi akainama, akang'oa jani kavu kwenye kopo.

"Na mdogo wako alikuwa anapoteza kazi. Kwa ajili ya mdomo wako na furaha yangu. Sitasema tena."

Na hakusema tena. Kwa muda uliobaki wa muhula alitoka wodini akaenda darasani, akatoka darasani akakaa na Kitinda hadi mlinzi alipowafukuza, akarudi nyumbani akapika. Darasani aliuliza hadi vijana wakaanza kumngoja yeye aulize yale waliyoyaonea haya. Mumewe alilipa ada ya lile darasa bila kuambiwa. Jumapili zilikuwa za watu wawili mezani. Mara moja Baridi alipakua sahani tatu kwa kusahau, akairudisha ya tatu kabatini bila neno.

*

Mtihani wa mwisho ulisahihishwa na mzee mmoja mkali wa idara nyingine. Mama Pacha alipata hamsini na saba, na ya kupita ilikuwa hamsini. Hakuruka wala hakulia. Alimuuliza karani mara mbili, kisha akaenda chumba cha walimu kumwambia Kitinda, ambaye alikuwa ameshajua tangu asubuhi na alikuwa amejizuia kupiga simu.

"Saba za ziada," Kitinda akasema, akimshika mikono yote miwili. "Za nini hizo?"

"Za nauli," Mama Pacha akajibu. Kisha akapunguza sauti. "Wifi, kuna mtu nimekuja naye. Ana neno lake, lakini unamjua, halitoki."

Baridi alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la vifaa, amevaa shati la kutokea. Akawasalimia walimu waliokuwamo mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wake akatazama pembeni, kwenye friji kuukuu iliyokuwa kona, juu yake pamerundikwa mafaili.

"Hii inagandisha?" akauliza.

"Hatujawahi kuiona ikigandisha, kaka."

"Nilijua tu." Akaweka sanduku chini, akaisogeza friji kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake mpaka akapotea kabisa. Bisibisi ikasikika, na kushusha pumzi, na vumbi la miaka likatoka pembeni. Kitinda alibaki amesimama upande wa mbele, ametazama mlango wa friji kana kwamba kaka yake yuko ndani.

"Kitinda," sauti ikatoka nyuma.

"Naam."

"Yale niliyosema mezani." Kitu kikafunguliwa, kikaanguka sakafuni, kikaokotwa. "Hayakuwa maneno ya kukwambia wewe. Nilikosea."

Kitinda akamtazama wifi yake, ambaye alikuwa anasoma ratiba ya wiki ukutani kwa makini makubwa. "Sijasikia vizuri, kaka," akasema. "Ongeza sauti."

"Umesikia," Baridi akasema. "Niletee taa, huku giza."

Kitinda akapiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya kazini, akawasha taa ya simu, akajipenyeza nyuma ya friji kumulika.